Mchanga kwenye Kaburi la Derna

Jumatatu, 4 Agosti
Mbu hawaniumi. Miaka sabini na moja kwenye tambarare hii ya mto Po, hakuna hata mmoja aliyethubutu. Damu yangu ina bahati. Niliwaambia hivyo baa nzima, wenzangu wakijikuna.
Halmashauri imebandika tangazo kwenye lango la makaburi. Chikungunya, ile homa ya mbu, imeingia kijiji cha jirani. Marufuku maji kwenye vyombo vya maua, wekeni mchanga. Mchanga! Marehemu mke wangu Derna aliniomba kitu kimoja tu: maua ya dalia, mabichi, siyo ya plastiki. Kwa jua hili, dalia bila maji haimalizi siku.
Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti
Kopo la nyanya lenye maji, ndani ya chombo. Mchanga pembeni, na kidogo juu kuzuga. Dalia zimesimama kama askari wa gwaride.
Kaburi la pembeni yake ni la Primo, mume wa shemeji yangu Iole, dada yake Derna. Iole kaweka mchanga mtupu na maua ya kitambaa. Nikamwambia kwamba Primo kafunikwa pazia la sebuleni.
"Shemeji," akasema, "huo mdomo wako ndio ungetiwa mchanga."
Wivu.

Ijumaa, 8 Agosti
Nesi Loretta kaja na karatasi ya maswali. Mbu milia, anayeeneza homa hii, anataga wapi? Kwenye maji yaliyotuama. Anauma saa ngapi? Mchana kweupe. Yai linachukua muda gani kuwa mbu? Wiki moja, joto likiwa hivi. Nimepata yote! Loretta kasema hajakutana na mzee anayejua kama mimi. Akauliza kama ninayafanya ninayoyajua. Nikasema bila shaka. Akaandika.

Jumatano, 13 Agosti
Iole hakuja makaburini. Kila asubuhi huketi katikati ya yale makaburi mawili, akifuta picha ya Derna kwa leso. Nikadhani kakubali kushindwa kabla ya sikukuu ya tarehe kumi na tano, kijiji kizima kijapo makaburini.
Nimebadilisha dalia. Ndani ya kopo kulikuwa na vijidudu vinacheza. Nimeongeza mchanga juu.

Alhamisi, 14 Agosti
Iole kalazwa. Homa kali, viungo vimekaza, hawezi kushika kijiko. Ana miaka sabini na tisa. Daktari kaniambia niwaite watoto wake.
Nimekaa kitandani kwake. Nilikuwa na mzaha mmoja mdomoni, haukutoka.
Akaniambia polepole: "Lile kopo nililijua, Nerio. Dalia haisimami vile kwenye mchanga."
Nikamuuliza mbona hakusema.
"Zilikuwa za dada yangu," akasema.

Ijumaa, 15 Agosti
Sikukuu. Nimemwaga kopo juani, nimejaza mchanga mpaka ukingoni. Kufika saa sita dalia zimelala. Watu walipita wakanitazama. Nimefuta picha ya Derna, kwa shati, maana leso sina.

Jumapili, 31 Agosti
Iole karudi nyumbani na fimbo. Vidole bado havikunjiki. Nimemlisha supu, akalalamika chumvi. Nilifurahi kusikia. Nimemwapia: maji makaburini, basi tena.
Ila dalia za mwisho zimechanua leo, nyekundu, zile Derna alizozipanda mwenyewe. Nimeweka glasi ndogo nyuma ya picha yake. Glasi tu, siyo kopo. Nani ataiona?
Kuinuka pale nilishika msalaba. Magoti yananiuma wiki ya pili sasa, na mikono. Kalamu hii naishika kwa ngumi. Baa nimewaambia ni uzee.
Derna ndiye aliyekuwa akifunga wavu wa dirisha kila alasiri, akinipaka mafuta ya mchaichai shingoni nikisoma gazeti. Tangu afe, wavu una tundu la kupita paka.
Mbu wananiuma. Wangeniuma maisha yangu yote, kama si yeye.