Zambarau za Jimi

Jumatatu, 9 Desemba
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mwalimu Gladness amekwenda harusini Masasi, kaniachia mbwa wake Jimi. Mweupe kama sembe. Chekechea ya mwalimu imebakiza nafasi moja. Kasema akirudi akamkuta Jimi mzima, Irene wangu ataanza Januari. Jirani Theresia naye anaitaka nafasi hiyohiyo kwa Joshua wake. Kanicheka ukutani, eti mbwa wa mwalimu hali dagaa za walalahoi. Kweli! Jimi kanusa, kageuka, kalala.

Jumanne, 10 Desemba
Jimi bado hali kitu. Lakini kwenye simu ya mume wangu Lukasi nimeona mzungu akimpa mbwa vitunda vidogo vya bluu, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Vitunda vya bluu hapa Rahaleo ni nini kama si zambarau? Nimenunua kopo zima. Mzungu alisisitiza usalama: osha, toa kokwa, mpe kidogo. Nimeosha. Nimetoa kokwa mojamoja, Irene akizila nyuma ya mgongo wangu. Kisha nikatia chumvi nikatikisa kopo, maana zambarau bila chumvi zinakaba koo, na huyu ni mtoto wa watu. Kala zote! Lile neno la kidogo nilisahau.

Jumatano, 11 Desemba
Ole wangu. Jimi kanywa ndoo ya maji. Kanywa hata maji ya kufulia. Kakojoa jikoni, mlangoni, ndani ya viatu vya kazi vya Lukasi. Lukasi kauliza kwa upole kama mji mzima una chekechea moja tu. Kisha Jimi kaharisha. Mdomo, kifua, miguu, vyote rangi ya zambarau. Theresia kachungulia, kaniita shoga yake, kauliza mwalimu aliniachia mbwa au kitenge. Nimeingia ndani kulia. Irene kanifuta machozi kwa mikono yake ya zambarau, sasa na mimi nimefanana na Jimi.

Alhamisi, 12 Desemba
Bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Kasema zambarau chache zisizo na kokwa pengine zisingemdhuru. Tatizo ni chumvi, na lile kopo zima. Kauliza nani alitia chumvi. Nimesema msichana wa kazi. Sina msichana wa kazi. Kaagiza maji safi na uji mwepesi. Jioni Jimi kalamba uji, katikisa mkia. Nimemkumbatia kama nimemzaa. Rangi haitoki. Nimemsugua kwa ndimu. Sasa ni wa waridi.

Jumamosi, 14 Desemba
Mwalimu karudi. Jimi kamrukia, mzima kabisa, waridi kabisa. Mwalimu hakushtuka. Theresia alishamtumia picha zote! Kasema anamshukuru Mungu mbwa yu hai, ila nafasi kampa Joshua. Irene alikuwa ameshavaa begi mgongoni.

Halafu mwalimu kamwangalia Irene, kalainika. Kasema Julai kuna mtoto anahama. Na Pasaka atasafiri tena, Jimi ataondoka naye, mimi nimwangalizie kuku tu. Kuku, kasema, hakuna awezaye kuwaharibu.

Kuku! Sokoni nimesikia kuku akila mabibo makavu, yale matunda ya mkorosho, anataga mfululizo. Nitayaloweka kwanza kwenye ndoo, siku kadhaa juani, yalainike. Lukasi kasema mabibo ya kuloweka hivyo ndiyo pombe yenyewe. Wanaume bwana, kila kitu wao pombe tu.