Kuhusu Kuambiwa Niamue Mwenyewe Kifua Changu Kipimwe Lini

Kwa Nesi Devotha,
Zahanati ya ng'ambo ya mto.

Devotha mwanangu, huna adabu, na nimeona nikuandikie mie mapema kabla hujaambiwa na mtu mwenye mdomo mchafu zaidi. Huku tu wazima, mpunga unaanza kuiva. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba, kama tulivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima.

1. Jumatano ile ulivuka na kipaza sauti chako ukatukusanya uwanja wa mpira, ukatueleza saratani ya matiti. Nikanyoosha mkono, nikakuuliza kwa heshima: nipimwe lini, na mara ngapi? Ukanijibu, "Bibi, hilo tutakaa tulizungumze, halafu utaamua mwenyewe." Mbele za watu. Mume nilichaguliwa na baba. Shamba nilichaguliwa na mume. Siku ya kupanda naambiwa na mto. Leo nina wajukuu kumi na tisa ndipo unaniletea uamuzi, tena wa kifua? Ungeniamuru. Amri naijua, ningekukatalia vizuri tukaachana salama. Lakini mtu akiniuliza napendaje, nitamkatalia nini?

2. Umri. Nilikwambia nimezaliwa mwaka wa mafuriko yaliyobeba madungu, vile vibanda vyetu vya juu vya kulindia mpunga. Ukaandika miaka sitini na mitatu. Nikasogea meza ya pili kwa mwenzako Donati, nikamwambia maneno yale yale, akaandika sabini na mitano. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza mafuriko yapi, kama kwamba mto huu umefurika mara moja tu. Toka meza hadi meza ni hatua nne. Nimezeeka miaka kumi na miwili kwa hatua nne na sikupewa pole. Tena wewe ulisema kwa umri wangu nije kila baada ya miaka miwili, Donati akasema kwa umri wangu tupime kwanza faida na usumbufu wake. Sasa niambieni, titi la kulia ndilo lenye sitini na mitatu, la kushoto sabini na mitano?

3. Mimi ni kungwi. Nusu ya wanawake waliokaa pale uwanjani nimewafunda mimi, tangu vifua vyao havijawa vifua. Mimi hutazama, sitazamwi. Nao wote sasa wanasema, "Somo akienda, na sisi tutakwenda." Kwa hiyo uliponiachia niamue, umeniachia niwaamulie wanawake arobaini, na Tasnim akiwemo, mwali wangu wa mwisho, ambaye tangu kabla ya Ramadhani anajipapasa kwapani akidhani sioni. Nilipombana akasema, "Kipunje tu, somo. Tukishavuna." Dada yangu mkubwa alisema vivyo hivyo. Tukavuna, na mpunga ule yeye hakuula. Hilo si lalamiko, naliandika kwa sababu fomu yako iliuliza habari za ukoo.

4. Basi, kwa kuwa hakuna anayejua kuamua, naomba serikali itangaze kwamba matiti yote ya delta yatapimwa mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, wiki ambayo hakuna ndege wa kufukuza. Na hiyo saratani nayo iandikiwe barua yenye muhuri, ipewe tarehe hiyo hiyo, isije kabla. Ikikaidi, ipelekwe kwa mtendaji wa kata, kama tunavyopelekwa sisi.

Msalimie Donati, mwambie ajiongezee hiyo miaka kumi na miwili yeye. Wasalimie akina mama wa kliniki na watoto wao. Na mama yako huko bara msalimie sana, mwambie amezaa mtoto mzuri ila kumfunda hakumaliza.

Ni mimi niliyekosewa,
Bi Mwanajuma binti Haruna.

N.B. Barua hii sikuituma, nimekuja nayo. Niko kwenye benchi hapo nje, na Tasnim yupo ubavuni mwangu amenuna. Shamba tumewaachia ndege. Hayo ya lini na mara ngapi ni ya mimi nisiyehisi kitu. Nitakusubiri tuzungumze, hata mpaka alasiri, na kupimwa nitapimwa, ili wale arobaini wakose la kusema. Huyu ana kitu mwilini, hana mara ngapi. Mtazame, halafu leo leo mwandikie barua ya hospitali kubwa, boti nimeshaiambia ingoje. Weka karatasi hii chini umwite yeye kwanza.