Goti Langu, Mguu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka hospitali. Goti limepasuliwa, limeshonwa, na limefungwa bandeji hadi limekuwa kama tikiti maji. Nimelazwa kwenye kochi la sebuleni, mguu juu ya mito. Mke wangu amenisomea masharti ya daktari: nisichuchumae, nisibebe vitu vizito, nisikanyage cherehani. Nikamuuliza kama kweli daktari alitaja cherehani. Akasema alitaja. Ajabu. Nilikuwepo chumbani na sikusikia. Labda dawa ya usingizi ilikuwa haijaniisha.

Hapo ndipo penye balaa. Binti yetu ana usaili Jumatatu ijayo, kazi yake ya kwanza, katika ofisi yenye lifti. Nilimwahidi koti. Kitambaa cha kijivu nimeshakata, mkono mmoja nimeshashona. Kazini mimi ni karani wa masjala, lakini jioni mimi ni fundi. Sijawahi kumshonea mtu nguo akairudisha. Wala sijawahi kumwona mtu akiivaa mara mbili, lakini hilo ni suala la watu kutunza nguo kupita kiasi.

Nilipomwambia binti kwamba koti limekwama, alinikumbatia akasema afya yangu kwanza. Alionekana ana furaha. Mtoto ana roho nzuri.

Jumanne, 5 Machi

Cherehani imehamishwa. Iko stoo, imefunikwa shuka, na juu ya shuka pamewekwa sanduku. Mke anasema ni ili isinitie tamaa. Nikaomba basi niletewe kitambaa na sindano ya mkono, nishone nikiwa nimelala. Akasema sindano ni hatari kwa mtu mwenye bandeji. Nikauliza hatari gani. Akaniuliza kama nitakunywa chai.

Alasiri nilimwona binti kupitia dirisha, anaingia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Fundi huyu ana kibao mlangoni, ana kioo kirefu, na hana salamu ya maana. Akikutana nami anaitazama kola yangu kwanza, uso baadaye. Binti alikaa mle ndani muda mrefu. Aliporudi nikamuuliza alifuata nini. Akasema alikwenda kuazima pasi. Nikamkumbusha kwamba pasi tunayo. Akasema ndiyo, alikwenda kumwambia kwamba tunayo.

Nimelifikiria jibu hili hadi kichwa kimeniuma.

Jumatano, 6 Machi

Mke amerudi kazini. Mama yake amekuja kuniuguza. Mama mkwe hawezi kukaa bure. Alifagia, akapanguza, akapanga vyombo upya, kisha akakaa mbele yangu akitikisa mguu. Nikautazama ule mguu. Imara, wenye mwendo wa sawasawa. Wazo likanijia.

Nikamweleza kwa adabu zote kwamba nimekatazwa kukanyaga, sikukatazwa kushika kitambaa.

"Sasa atakanyaga nani, mwanangu?" akauliza.

Nikaiangalia miguu yake kwa heshima. Akacheka mpaka akajishika ubavu, kisha akavua kandambili.

Aliivuta cherehani mwenyewe hadi kando ya kochi. Mimi nilijilaza kwa ubavu nikiongoza kitambaa, yeye kwenye kigoda akikanyaga. Mwanzo ulikuwa mgumu. Nikisema twende, anauliza wapi. Nikisema simama, anainuka kwenye kigoda na mashine inaendelea kuzunguka. Tukakubaliana neno la kuanza liwe haya na la kuacha liwe basi. Kumbe mama mkwe, akisimulia jambo, kila habari huianza kwa haya na kuimaliza kwa basi, na mguu wake unamtii. Alisimulia habari nyingi.

Kabla mke hajarudi, mashine ilikuwa stoo na sanduku juu yake.

Alhamisi, 7 Machi

Mkono wa pili wa koti umeshonwa. Umeshonwa pamoja na kochi. Niligundua nilipoliinua koti na kifuniko cha kochi kikataka kuja nalo. Mama mkwe akashauri tufumue. Nikaona tutapoteza muda, nikakikata kifuniko kuzunguka mshono. Sasa koti lina maua mekundu kwapani. Kwa ndani, hayaonekani. Kinachoonekana ni kochi. Tumeweka mto.

Mke aliporudi aliuliza mto unafanya nini pale katikati. Mama yake akasema unapumzika. Mke akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Mimi nikafumba macho kama mgonjwa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya kujaribu koti. Nilimwita binti nikampa mbele ya wote. Alilivaa, akaenda kwenye kioo. Mkono wa kushoto ulimfikia kwenye vidole, wa kulia ulimwishia juu kidogo ya saa. Nikamwomba asimame wima. Akasema amesimama wima. Nikamwomba ashushe bega moja. Akashusha. Likakaa vibaya zaidi. Mama mkwe akajitetea kwamba wakati wa mkono wa kulia alikuwa anasimulia msiba wa jirani yake, na huwezi kusimulia msiba mbio mbio.

Mke alikwenda akauinua ule mto, akatazama chini yake, akaurudisha.

Binti akaja kukaa karibu na goti langu.

"Baba, wewe nakupenda," akasema. "Nguo zako ndizo siziwezi."

Akasema fundi wa ng'ambo amekwisha kumshonea koti. Nikauliza siziwezi hii imeanza lini. Akasema tangu gauni la njano, lile lenye shingo ya watu wawili, alipokuwa shule ya msingi. Kila nguo niliyomshonea aliivaa hadi kona ya barabara, kisha akabadilisha kwa rafiki yake.

Nikauliza kwa nini hadi kona. Si angeivua mlangoni tu.

Mke ndiye aliyejibu. "Kwa sababu dirisha letu linaona hadi hapo."

Sijui kama nimeudhika au nimebembelezwa. Nimegeukia ukutani. Mama mkwe alinifunika shuka.

Jumatatu, 11 Machi

Binti amekwenda kwenye usaili na koti la fundi wa ng'ambo. Nilimtazama hadi kona. Koti limemkaa. Nilitafuta kasoro nikaikosa. Ni umbali.

Baadaye mke alinipeleka kubadilishwa bandeji. Daktari akaniuliza siku zinaendaje. Nikamwambia najitahidi kutii, sijakanyaga cherehani kama alivyoagiza. Akakunja uso. Akasema kukanyaga taratibu ni zoezi zuri sana kwa goti kama langu, ningeanza hata wiki hii. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anasoma ukutani tangazo la kupiga mswaki.

Daktari msomi vile, anasahau maagizo yake mwenyewe. Sikumwaibisha.

Jumatano, 13 Machi

Binti amepata kazi. Mama mkwe amepiga vigelegele, mke amelia, mimi nimeingiwa na vumbi machoni.

Nikachukua magongo nikavuka barabara kumshukuru fundi. Si kupeleleza mishono yake, ingawa niliitazama. Yeye aliitazama kola yangu, kisha goti, kisha akanivutia kiti. Nikamwambia nimechoka kukaa bila kushona. Akafikiri sana. Akasema kuna koti la mteja limebaki vifungo tu, alama za chaki zimefutika kidogo, lakini kifungo ni kifungo, jirani, hakiwezi kumshinda mtu. Akaniachia sindano na uzi, akatoka kwenda kununua uzi wa rangi nyingine.

Hatimaye amekiri kwamba ananihitaji.

Nimevishona vyote, imara, hata kwa koleo havitoki. Nilipotaka kulifunga koti nikashangaa: matundu nayo yako upande uleule wa vifungo. Nimeligeuza mara kadhaa, bado. Fundi wa miaka yote hiyo, mwenye kibao mlangoni, anakosea upande wa matundu. Nimelikunja vizuri nikaliweka chini kabisa ya rundo. Kesho nitamwambia taratibu, tukiwa wawili tu, asije akaaibika mbele ya wateja.