Sindano Kabla ya Msiba wa Mama Nimako

Jumatatu, 10 Novemba

Bango la msiba limebandikwa ukutani kando ya duka langu. Mama Nimako, miaka tisini na moja, mazishi Jumamosi tarehe 22. Nikasoma majina ya wafiwa. Wa kwanza: Kwadwo, mtoto mkubwa, Hamburg. Nilisoma mara nne.

Kwadwo! Miaka thelathini na mitatu. Aliondoka Kumasi akisema, Yaa Frimpomaa, nisubiri. Nikasubiri, nikachoka, nikaolewa, nikafiwa. Sasa nimebaki na cherehani na redio. Nasikia naye mkewe amefariki.

Habari mbaya: jirani yangu Adwoa Konamah naye ni mjane, naye amesoma bango. Kaja mbio na kitambaa cheusi, anataka gauni la msiba la kumbana kiuno. Nimempima kwa makini sana. Nitalishona pana kama gunia.

Kioo cha dukani hakina huruma. Katikati ya nyusi, mistari miwili mirefu. Ndiyo malipo ya kukunja uso maisha yote nikitunga uzi. Nimepata wazo! Sindano iliharibu, sindano itatengeneza.

Jumanne, 11 Novemba

Kliniki ya ngozi, kwa Daktari Birago, nichomwe dawa ya kulaza mikunjo. Umri nimesema arobaini na sita. Alinitazama, akaandika kitu kirefu. Akauliza kama nina mimba. Mimba! Nimefurahi siku nzima.

Akaniambia nikunje uso kama ninayegombana na mteja, kisha niulegeze, kisha niinue nyusi. Akatia alama kwa kalamu nyeupe. Sindano yenyewe nyembamba kuliko zangu zote. Nilipiga kelele kabla hajanigusa. Dakika kumi, kwisha. Vivimbe vidogo kama vya mbu, baada ya nusu saa havipo.

Masharti: kwa muda wa saa nne nisilale, nisiiname. Nisisugue. Cherehani bila kuinama haiendi, basi nikakaa wima kitini nikitazama mlango. Saa nne nzima, na hakuna hata mmoja aliyechungulia kusema hujambo. Sikujua duka langu liko kimya hivi. Mwisho niliisalimia redio.

Jumatano, 12 Novemba

Mistari iko palepale! Nimepiga simu kliniki kulalamika. Daktari kasema kwa upole kwamba alinieleza: dawa huanza kushika siku ya tatu au ya nne, na hukamilika baada ya wiki mbili hivi. Subira, mama. Kweli alieleza. Mimi nilikuwa Hamburg.

Jumamosi, 15 Novemba

Imeshika! Muuza nyama ya mbuzi kanipa mifupa mitupu. Nikamkunjia uso. Uso ukagoma. Akadhani nimeridhika, akanibariki, akaongeza mfupa.

Nimekula fufu na supu ya mifupa peke yangu. Fufu ya mtu mmoja haina ladha. Sijawahi kumwambia mtu hilo, ninaliandika hapa.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani hakuna aliyeusifu uso wangu. Konamah tu ndiye aliyenikazia macho, akauliza: shoga, unaumwa? Wivu huo! Nimeongeza upana wa gauni lake vidole viwili.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku yenyewe. Gauni jeusi la kubana, kilemba chekundu, paji la uso kama kitambaa kilichotoka pasi. Konamah kaja na gunia lake, akanikumbatia. Shoga, umenifikiria, kwa joto hili mwenzio ninapumua! Akacheza adowa, ngoma yetu ya msibani, asubuhi nzima. Mimi hata kuketi siwezi.

Tukapanga foleni kuwapa wafiwa mkono, kuanzia kulia kwenda kushoto. Hapa majonzi hubebwa usoni, kila mtu ayaone. Nikajitahidi. Nyusi hazikukutana. Mdomo ulikuwa msibani, paji la uso likizo.

Nikafika kwa Kwadwo. Mvi, kitambi, macho yaleyale. Akanishika mkono, akasema asante kwa kuja, mama. Mama! Jina langu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nilitaka anitambue mwenyewe. Mkono wake ukaenda kwa aliyefuata.

Ndipo shangazi yake, bibi wa fimbo, akapaza sauti: "Na huyu mwenye uso wa harusi ni wa nani? Kaja kuzika au kaja kula?"

Watu wakageuka. Nilitamani ardhi inimeze. Nikakimbilia uwanja wa ngoma, maana kwenye adowa mikono ndiyo husema. Nikaweka mikono miwili kichwani: nimebaki peke yangu, sina mtu. Ulikuwa ujanja tu, wa kumziba bibi mdomo. Lakini mikono ilipofika kichwani nikaona ni kweli. Sina mtu. Nikalia mpaka kilemba kikafunguka. Wanawake wakanishika, wakauliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikazidi kulia. Bibi akasema haya, huyu sasa analia.

Jumatatu, 24 Novemba

Jana sikwenda kwenye ibada ya shukrani ya wafiwa. Macho yamevimba. Leo Konamah kaja na kenkey na samaki wa kukaanga. Nilijua kaja kuringa.

Anasema jana Kwadwo alimwuliza habari moja tu: Yaa Frimpomaa yuko wapi? Alinitafuta Jumamosi kutwa. Konamah akamwambia, mbona ulimpa mkono? Akakataa katakata. Yaa namjua, akasema, akicheka hukunja uso hapa katikati ya nyusi, kama mtu asiyeamini kwamba anacheka. Kakunjo hako amekakumbuka Hamburg miaka yote. Yule mama wa Jumamosi hakuwa nako.

Nikakaa chini. Konamah kasema, inuka, yuko nyumba ya nne kutoka hapa na anaondoka Jumatano. Twende sasa hivi, nitakushika mkono.

Na uso huu? Ana wazimu! Nimemwambia nina kazi. Akanitazama, akaacha kenkey mezani, akaondoka taratibu. Na lile gauni limempendeza, mshenzi.

Jumatano, 26 Novemba

Nimempigia Daktari Birago. Nimeuliza kama kuna sindano ya kurudisha mikunjo. Alicheka mpaka akakohoa. Hakuna. Itarudi yenyewe baada ya miezi mitatu au minne. Nimepiga hesabu: Machi. Konamah kasikia Kwadwo huenda akaja Pasaka. Huenda! Inatosha. Nimeanza mazoezi ya kukunja uso mbele ya kioo, asubuhi na jioni. Bado hakuna kinachosogea.

Saa kumi gari la kwenda uwanja wa ndege limepita dukani. Lilipunguza mwendo. Nilijificha chini ya meza ya cherehani mpaka sauti yake ikapotea.

Nikiwa kule chini nimewaza jambo. Kwadwo alitaja mkunjo wa nyusi. Hakutaja shingo. Nimejiandikisha kwa daktari Jumanne ijayo, shingo tu.