Dirisha Lisilofunguka la Nyumba Namba Tisa

Kwa Mheshimiwa Bwana Pettifer,
Afisa wa Majengo ya Kale,
Haddenwell.

Bwana Afisa,

Natumaini u mzima, na ofisi yako ina mwanga wa kutosha kuisoma barua hii. Kwetu mwanga hakuna, ndiyo maana nimeshika kalamu. Mume wangu Wilf, aliyekuwa fundi mwashi miaka arobaini, amepooza miguu tangu Pasaka. Analala chumba cha mbele ghorofani, na daktari hafichi: majira ya baridi huenda yasimkute. Ombi lake ni moja tu. "Nitobolee hapo, Hester," aliniambia, "niione barabara kabla sijaenda." Hapo ni ukuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yetu ilijengwa zama za akina Mfalme Joji wa Uingereza, karne mbili na zaidi zilizopita, watu walioabudu ulinganifu: mlango katikati, madirisha mawili kulia, mawili kushoto. Nadhani hata paka akikaa upande mmoja wa ngazi alitafutiwa mwenzake. Dirisha la Wilf limezibwa kwa matofali, likapakwa rangi nyeusi na mistari myeupe, ili mpita njia adhani ni kioo.

2. Mwezi Mei wewe ulikuja kukagua, ukagonga ukuta kwa penseli, ukafumba macho, ukatangaza kuwa ukuta huo ulijengwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita ili kukwepa kodi ya madirisha, ambayo mfalme aliitoza kwa idadi ya madirisha ya nyumba, hivyo ni urithi wa taifa usioruhusiwa kuguswa. Bahili mmoja alimkwepa mfalme, adhabu anaitumikia Wilf! Nikimtukana fundi aliyeziba, Wilf hukohoa sana. Nadhani ni uchungu wa fani.

3. Kwa kuwa mmeshikilia kwamba ni dirisha, nimelitendea kama dirisha. Nimeliwekea pazia. Msafisha vioo amelisugua mara mbili na hajalalamika.

4. Jirani wa ng'ambo, Bi Doreen Pask, ambaye hakuwahi kuolewa, alikuwa wa kwanza kutia saini ombi letu la kufungua dirisha. Kila Alhamisi, siku ya soko, humletea Wilf keki ya tangawizi. Dirisha lake linatazamana na hilo letu, na anasema angefurahi kumpungia mkono. Mtu baki ana huruma, ninyi watumishi wa umma hamna.

5. Mkikataa tena, naomba kibali cha kumchora Wilf kwenye dirisha hilo, kwa nje, akitabasamu. Doreen atashika ngazi. Na dirisha la ofisi yako lizibwe, lipakwe rangi, nawe uufaidi urithi.

Nisalimie mkeo, karani wako anayepoteza barua zangu, na wanakamati wote mmoja mmoja.

Wako gizani,
Hester Cobbold (Bi)

N.B. Nimemsomea Wilf barua hii kabla ya kuifunga. Ameangua kilio, kisha ameungama kuwa ukuta ni wake. Aliujenga wiki moja kabla ya harusi yetu, mwaka 1968, kwa matofali ya zizi lililobomolewa. Dirisha lilitazamana na la Doreen, aliyekuwa mchumba wake kabla yangu, na hakutaka nianze ndoa nikichunguliwa.

Bwana Afisa, nimefikiri upya. Ulikuwa sahihi kabisa. Ukuta huo ni urithi wa taifa, lisiguswe hata tofali moja. Wilf nimemhamishia chumba cha nyuma, kwenye jua, anatazama kabichi. Umri wa ukuta tusimwambie mtu, nawe hutaaibika. Keki ya wiki hii nimeila mwenyewe.