Jicho la Kulia la Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi
Nimerudi kutoka hospitali. Jicho la kulia, upasuaji wa pili! Wa kwanza haukushika. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho, ilibanduka tena. Sasa wamenitia kiputo cha gesi kiisukume mahali pake. Daktari ameagiza nilale kifudifudi wiki nzima, gesi ipande hadi nyuma ya jicho, niinuke kwa kula na kwenda msalani tu. Akaongeza kwamba safari hii hakuna mchezo. Nikaapa. Mke wangu naye akaapa kwa niaba yangu, maana ananijua.

Hilo ndilo jicho ninalobania lenzi. Ufundi wangu wote wa saa umo humo. La kushoto ni la kuonea magari tu.

Jumanne, 4 Machi
Sakafu. Kutwa nzima sakafu! Shingo yaniuma.

Shemeji alikuja kunipa pole, akaniletea na sumu. Eti Bwana Betri, jirani yangu wa kibandani, amewatangazia wateja wangu kwamba nimepofuka. Tulimpa jina hilo kwa sababu ndani ya saa hajui kingine ila betri. Sasa anapokea saa zao kwa huruma. Huruma ya fisi kwa mbuzi!

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Ajabu daktari hakulifikiria. Fundi saa hufanyaje kazi? Kichwa chini, uso mezani! Tangu ujana nimekuwa kifudifudi, ila kitini. Kwenda kazini basi si kuvunja agizo. Ni kulitimiza kwa faida.

Mke alipotoka kwenda sokoni nikapanga mito chini ya blanketi, nikaivika koti langu na kofia. Nikachomoka, nikitembea huku nimeinama. Mpita njia akadhani nimedondosha kitu, akanisaidia kutafuta. Sikujua nimwambie tunatafuta nini.

Kibandani nilifungua saa ya mwalimu mstaafu kwa jicho la kushoto. Skrubu ikaruka, ikapotea. Wateja wakaja, na huwezi kumsalimu mteja ukitazama viatu vyake. Nikainua kichwa. Nikakiinua tena, nione kama Bwana Betri ameniona. Alinipungia mkono, akaniuliza jicho linaendeleaje. Mnafiki!

Alhamisi, 6 Machi
Nimekwenda tena. Niliporudi nikasikia sauti chumbani, nikajibanza nje ya dirisha. Mke wangu ameketi kando ya mito, kikombe cha chai mkononi. Akawa anaiambia mito kwamba tangu tuoane hajapata kuniona nikitii jambo hadi mwisho, na kwamba nimsamehe ukali wake wote, ulikuwa ni woga tu. Akalia. Mito ikanyamaza kwa adabu.

Aibu ilinipata, aibu kweli. Nilitaka kuingia niseme yote. Badala yake nikangoja aende jikoni, nikapanda dirishani, nikajigonga kichwa (kidogo tu!), nikalala palipokuwa na mito. Chai ilikuwa bado ya moto. Aliitia sukari nyingi, ninavyopenda.

Kesho siendi. Labda nikamalizie ile ya mwalimu tu.

Jumatatu, 31 Machi
Kivuli kilianza pembeni ya jicho, kikasogea kama pazia. Nikajiambia ni gesi inayeyuka. Leo daktari amechungulia muda mrefu, kisha akazima taa yake. Makovu yameota nyuma ya jicho, yanaivuta retina. Imebanduka. Upasuaji wa tatu, safari hii kwa mafuta badala ya gesi. Hata ikishika, nitaona mkono ukipungwa, pengine herufi kubwa. Saa, hapana.

Mke akauliza kama ni kwa sababu ya nilivyolala. Daktari akajibu kwamba makovu huwapata hata waliolala vizuri kabisa, haiwezekani kujua. Mke akanishika mkono, akasema kwamba mumewe hakuinua kichwa, yeye ndiye shahidi.

Nilitazama viatu vyangu. Laiti angenitukana! Laiti ningelala tu wiki ile moja, leo ningejua kama ni mimi au ni makovu. Sasa sitajua kamwe.

Ijumaa, 25 Aprili
Retina imeshika! Daktari amefurahi. Mimi naona ukungu na mkono wa mke wangu ukipita. Nililia garini. Akadhani ni furaha, akanifuta machozi. Nilikusudia kumwambia ukweli jioni hii, lakini alikuwa anaimba jikoni. Kesho.

Daktari alikagua na la kushoto. Lina tundu dogo kwenye retina. Jumatatu nikapigwe leza kulizunguka kabla halijawa kama mwenzake. Kazi ya muda mfupi, ila nisicheleweshe hata kidogo. Nimeapa.

Sasa shemeji ananiambia Jumatatu Bwana Betri anasafiri, kibanda chake kitafungwa. Wateja wake wote watakuwa wanahangaika nje! Hospitali haihami. Na jicho la kushoto, namshukuru Mungu, halijawahi kunisumbua. Nitakwenda Jumanne, au Alhamisi.