Samaki wa Bibi na Alama Zangu

Jumatatu, 6 Januari

Baridi kali hapa Wando, pwani ya Korea. Kiwanda kimejaa mwani. Bosi Gwak katuita, mimi na Otabek, yule Muuzbeki wa mashine. Viza zetu za kibarua zinaisha mwakani. Anayetaka kubaki apate viza ya fundi, na viza ya fundi inataka alama. Umri una alama. Mshahara una alama. Kujua Kikorea, alama. Zangu hazitoshi. Za Otabek nazo hazitoshi. Iliyobaki ni barua ya bosi, hiyo ina alama nyingi. Lakini anaruhusiwa kumwandikia mtu mmoja tu kwa mwaka.

Nikauliza, kubeba mwani mbichi mgongoni miaka yote hii kuna alama ngapi? Hakuna. Kwa nini? Bosi kasema, We Tek, hata mimi sijui.

Mwenye viza ya fundi analeta familia. Mimi ninaye binti yangu, Binita. Mama yake alipofariki nilimwacha kwa dada yangu Pokhara, kwetu Nepali, akiwa bado na mapengo. Juzi kwenye simu kaniita mjomba. Akajirekebisha haraka. Lakini nimesikia.

Bosi kasema atamwandikia yule ambaye ana hakika hatatorokea Seoul. Anataka mtu aliyezoea hapa. Basi nitazoea mpaka washangae!

Jumanne, 7 Januari

Mpango tayari. Mwenye sauti hapa si bosi, ni mama yake, tunamwita Bibi. Bibi akikohoa, bosi anasimama. Mchana Bibi katuletea samaki wake wa sherehe. Ni taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, anavundikwa wiki nzima mpaka anuke kama choo cha stendi.

Otabek kasukuma sahani. Eti Bibi nisamehe, hiki siwezi, kinaninukia. Usoni kwa mwenye nyumba! Bibi kamwita pumbavu. Raha niliyopata!

Mimi nikala. Machozi yakatoka. Pua ikawaka moto. Nikasema tamu, nikaomba kipande kingine. Bibi kajipiga paja, kasema huyu ni Mkorea, kwenda kuzaliwa Nepali alipotea njia tu.

Otabek moja, mimi mia.

Jumatano, 8 Januari

Bibi kaleta ndoo. Ndoo nzima! Kasema tangu mzee wake afariki hana mtu wa kula naye.

Najiuliza tu. Watu hawa wana bahari nzima ya samaki wabichi. Ni nani huyo wa kwanza aliyemwacha mmoja avunde halafu akamla? Naye alikuwa anataka barua ya nani?

Samaki nimemzika nyuma ya bweni. Mbwa kafukua. Kanusa, kaniangalia, kaondoka zake. Mbwa! Nikazika tena.

Alhamisi, 9 Januari

Ndoo ya pili. Hii siwezi kuizika, mbwa keshanijua. Nimefunga samaki kwenye mfuko pamoja na kitambaa ambacho Bibi alimfunikia, nikausukumiza nyuma ya mashine ya kukaushia mwani. Jumapili natupa baharini. Huko nyuma anafika Otabek peke yake. Samaki akionekana kabla ya Jumapili, lawama ni zake. Ndoo moja, faida mbili.

Bibi kauliza, umemaliza? Nimemaliza, Bibi. Kafurahi mpaka kanishika mkono. Kiganja chake kikavu kama mwani wetu. Nikajisikia vibaya kidogo. Halafu nikalala vizuri.

Jumamosi, 11 Januari

Balaa! Mashine ile ni joto mchana na usiku. Mfuko umepasuka. Mnunuzi kafungua katoni moja ya mwani, kaifunga, kapiga simu. Mzigo wote umerudi.

Bosi kazunguka kiwanda anafuata pua yake. Kavuta mfuko. Nikamkodolea Otabek macho kama ninayeshangaa. Otabek kasema, bosi, mimi samaki huyo nani anipe?

Bibi kaja. Kakiona kitambaa chake. Kaniangalia. Hakunitukana. Bora angetukana. Kasema tu, mwanangu huyu, bosi wenu, mwenyewe hajawahi kumtia samaki huyo mdomoni, nampikia kuku. Si ungesema?

Jumatatu, 13 Januari

Barua kapewa Otabek. Nikauliza kwa nini. Bosi kasema, Otabek alimkatalia mama yangu usoni. Mtu wa hivyo akitaka kuondoka ataniaga. Wewe Tek, hata ukiwa ndani ya basi la Seoul utaniambia uko chooni.

Imebaki nafasi moja, ya mwakani. Nikikosa hiyo, nyumbani.

Nimempigia Binita. Kauliza, unanileta huko lini? Nimesema mwakani. Kasema, baba, hata mwaka jana ulisema mwakani. Kumbukumbu kali hiyo karithi kwa mama yake.

Nimewaza kutwa nzima huku nabeba. Sasa nimeelewa kosa langu. Hawa watu wanapenda kukataliwa!

Jumanne, 14 Januari

Jioni hodi. Bibi mwenyewe, na bakuli la uji wa maboga, unafuka moshi. Hakuna kitu ninachokipenda nchi hii kama uji huo. Naye anajua.

Nikasimama wima. Nikamwambia usoni, Bibi nisamehe, hiki siwezi. Kinaninukia.

Bibi kaangalia bakuli. Kanusa. Kaniangalia mimi. Kageuka, kabisha mlango wa Otabek.

Ukuta wetu ni mbao. Nimesikia kijiko mpaka mwisho. Baadaye Otabek kaniita kupitia ukuta. Kaka, umemfanya nini Bibi wa watu? Alikuja kukuambia mwakani atakusemea kwa bosi. Sasa anasema atakufikiria upya.

Umeona? Siku moja tu nimekataa, tayari ananifikiria!

Kesho akileta chai, nakataa na chai.